Shajara ya Pampu ya Shamba la Mkonge: Kukata Kutu, Kurudisha Bati

Januari, kaskazi imeshika

Pampu imeshaingia gereji na imesimama juu ya mbao mbili. Ni pampu ya petroli ya Avery-Hardoll, kazi ya Uingereza, na ilikuwa kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Haikuwahi kuuza mafuta barabarani. Kazi yake ilikuwa kujaza matrekta na malori ya shamba, ndiyo maana usoni ina namba za galoni tu, hakuna shilingi wala senti. Galoni yenyewe ni ile ya Kiingereza, lita 4.546. Mwenye nayo alikuwa anangoja gari la chuma chakavu. Nikamwambia anipimie kwa kilo, bei ileile, nikamwongezea kidogo kwa ajili ya kioo cha mbele ambacho bado ni kizima.

Shajara hii ni ya bati. Mita na pampu ya ndani nimezifungua na kuziweka kando, nitaziandikia siku zake. Kwanza nataka gamba lisimame.

Kabla sijagusa grenda nimetoa kila kitu kilichowahi kulowa petroli: mpira, bomba, chujio, mita. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa chini, na pampu imetengenezwa kama kabati lenye kitako. Mtu anaweza kudhani imekauka kwa kuwa imekaa miaka bila kazi, kumbe kwenye kiwiko cha bomba bado kuna mabaki. Haya niliyoyakuta yalikuwa mekundu-kahawia, yananata, yananuka kama vanishi iliyoharibika. Ni petroli ya enzi ilipokuwa ikichanganywa na madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Nimevaa glavu, nimeyafuta, na vitambaa vimekaa nje kwenye debe lenye mfuniko.

Hali ya bati ilivyo: kuanzia kiunoni kwenda juu ni zuri, kutu ya juu juu tu. Kuanzia magotini kwenda chini ni balaa. Nimepita na mpini wa bisibisi nikigonga kila baada ya vidole viwili. Bati zima linalia, bati lililooza linajibu kwa sauti ya boksi. Palipojibu vibaya nimepazungushia chaki. Nilipomaliza, chaki ilikuwa imezunguka pampu nzima kama mkanda.

Bado Januari, kuvua paneli

Skrubu za milango zimekataa kama nilivyotarajia. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki, ikilala usiku kucha, imefungua nyingi. Zilizobaki nimezipiga kwa bisibisi ile ya kugongwa na nyundo, inayozunguka kila inapopigwa. Moto sikutumia kabisa, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja.

Paneli za nje ni tano: mbavu mbili, milango miwili, na sketi ya chini inayozunguka miguu. Fremu ya ndani ni vyuma vya pembe vizito, na imetulia. Brashi ya waya tu inaitosha.

Sasa jambo kubwa. Nilipogeuza sketi na kuangalia ndani, niliona kutu haikutoka nje. Rangi ya nje, hata pale palipooza, bado ilikuwa imeshika. Bati limeliwa kutoka ndani, kwenye pindo la chini, pale lilipokunjwa ili kupata ukingo mgumu. Pindo lile lilikuwa limejaa udongo mwekundu uliochanganyika na nyuzi fupifupi za mkonge, vumbi la korona, mashine ya kutenganisha nyuzi na majani ya mkonge, lililopeperuka miaka na miaka. Nyuzi zile zinashika unyevu. Nimelichokoa kwa msumari, likatoka vipande vipande kama mti.

Nilipolisafisha nikakuta vitundu vinne, kimoja kila upande, vyembamba kama penseli. Waliotengeneza pampu hii waliviweka ili maji yatoke. Vyote vinne vilikuwa vimezibwa kwa rangi. Kila mara ilipopakwa upya, brashi ilipita juu ya vitundu. Maji ya mvua yaliyoingia kwenye mlango yakakosa njia, yakakaa pindoni, na umande wa chumvi wa huku kwetu Tanga ukaongezea.

Hilo limenibadilishia mpango wote wa kazi. Nilikuwa nimejiandaa kushughulikia uso. Sasa kazi ni ya pindo na njia ya maji, na uso utafuata.

Rangi za zamani

Rangi za kipindi kile mara nyingi zilikuwa na risasi, kwa hiyo hapa hakuna msasa mkavu. Msasa wa maji, barakoa yenye vichujio, turubai la plastiki chini, na watoto wa jirani nimewaomba wakacheze kwingine. Maganda yote yamefungwa kwenye mfuko.

Kwenye kona ya mlango wa nyuma nimesugua polepole kwa msasa laini mpaka rangi zikajipanga kama duara ndani ya duara: juu kijivu, kisha njano, kisha nyekundu, kisha kijivu kingine, na chini kabisa kijani kibichi kilichokaa juu ya praima ya kahawia. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa 1967, na baadaye yakabadilisha mikono tena. Siwezi kusema rangi ipi ni ya mwenyewe yupi, ila kila aliyeipokea pampu hii aliipaka. Kijani cha chini ndicho kilichotoka nayo kiwandani. Hicho ndicho nitakachokirudisha.

Februari, birika la magadi

Kwa kutu ya juu juu sipendi kusugua kwa grenda. Diski inakula bati zima pamoja na kutu, na paneli ya milimita 1.2 haina cha kutoa sadaka. Nimetumia umeme na magadi.

Nimeunda fremu ya mbao chini, kama kitanda kisicho na miguu, nikatandika plastiki nzito mara mbili, nikajaza maji. Ndani yake magadi, kijiko kikubwa kwa kila lita nne hivi. Magadi ya sokoni yanakuja na chumvi yake ya asili, kwa hiyo paneli inapotoka lazima isuuzwe kwa maji mengi safi, la sivyo chumvi hiyo italeta kutu mpya chini ya rangi. Chaja ya betri ya gari, volti 12, ya kizamani isiyo na akili ya kujizima. Waya hasi kwenye paneli, waya chanya kwenye vipande vya nondo vilivyopangwa pembeni bila kuigusa. Mtu akikosea akageuza nyaya, paneli ndiyo itakayoliwa.

Nondo inaliwa na hiyo ni sawa, imetolewa kafara. Kitu kimoja nakisisitiza kwa yeyote atakayejaribu: usitumie chuma cha pua upande wa chanya. Kweli hakiliki haraka, lakini kinaachia kromiamu yenye sumu kwenye maji, na maji hayo huwezi kuyamwaga popote kwa amani. Tena fanya kazi hii nje. Mapovu yanayopanda kutoka kwenye paneli ni haidrojeni, na cheche moja ya kibanio inatosha.

Inavyofanya kazi inapendeza kutazama. Mapovu madogo yanapanda kutoka kila doa la kutu, povu la kahawia linakusanyika juu, na rangi ya zamani inaanza kujiachia yenyewe kwa vipande vipana. Umeme unapendelea upande unaotazamana na nondo, kwa hiyo nimekuwa nikizigeuza paneli na kuhamisha nondo. Kutu nyekundu imegeuka utando mweusi laini unaotoka kwa brashi ya nailoni na maji. Chini yake, chuma cha kijivu kilichojaa vishimo, lakini chuma kweli. Namba za mhuri zilizokuwa zimefunikwa ndani ya ubavu wa kulia zimeonekana tena.

Paneli ikitoka majini haingoji. Inasuuzwa, inafutwa, inasimamishwa juani, na bado ikiwa na joto inapakwa praima. Kwa hewa ya Tanga, ukienda kunywa chai, ukirudi imeshaanza kuwa na rangi ya chungwa.

Dawa ya miwati

Kuna sehemu birika halisafishi vizuri: ndani ya mapindo ya juu, ambayo ni mazima na sitaki kuyafungua. Kwa hizo nimetumia tanini. Nimepata unga wake, wa magome ya miti ya miwati, kutoka Njombe, ule unaotengenezwa kwa ajili ya viwanda vya ngozi, nikaukoroga kwenye maji ya moto mpaka ukawa kama chai ya rangi nzito. Nimechuja, nikaingiza pindoni kwa bomba la sindano.

Tanini inashikana na kutu na kutengeneza kitu kipya, cheusi chenye ubluu, ambacho hakiyeyuki kwenye maji. Haiirudishi kutu kuwa chuma, na juu yake bado panahitaji praima. Ila kwenye kona ambayo mkono haufiki na brashi haipiti, ninaiamini kuliko kufunika na kusahau. Nimeijaribu kwanza kwenye kipande cha sketi kilichokwisha kuoza, na kufikia jioni kilikuwa cheusi kama wino.

Kukata

Kuhusu puti, ile dawa ya kujazia mashimo ya bati, nina msimamo, na nitausema wazi. Kila gereji yuko fundi atakayekuambia asugue, ajaze puti kwenye matundu, apake, na pampu itang'aa wiki ijayo. Puti haina tatizo ikiwa nyembamba, chini ya milimita tatu, juu ya chuma kizima, kwa ajili ya kusawazisha. Ikiwekwa juu ya tundu inashikilia hewa tu. Nyuma yake kutu inaendelea, na puti inanyonya unyevu na kuutunza pale pale. Pampu iliyokaa miongo shambani inastahili kukatwa mpaka chuma kizima.

Nimekata sketi yote kwa upana wa kiganja na zaidi kidogo kutoka chini. Mstari nimeupandisha mpaka penye bati lenye unene wake kamili, nikilipima kwa venia kila mahali. Kwenye milango nimekata viraka viwili tu vya pembeni, na kona za viraka nimezizungusha. Kona kali inakusanya joto na kuanzisha ufa.

Bati jipya ni shiti nyeusi ya geji 18, ambayo ndiyo milimita 1.2. Shiti iliyopakwa zinki nimeikwepa. Moshi wake wakati wa kuchomelea unaleta homa, na zinki inaharibu mshono.

Mzee wa masanduku

Pindo jipya ndilo lililonitia mawazo. Sina mashine ya kukunja bati, na pindo lazima lizunguke kona nne zenye mviringo bila mkunjo. Nikachukua shiti na mfano wa kadibodi, nikaenda kwa mzee mmoja anayetengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akapokea kipande cha pindo la zamani. Alikigeuza, akapitisha ukucha ndani ya kunjo, akauliza, "Hiki kilikuwa kinakaa wapi, mwanangu?"

"Nje, mzee. Kwenye mvua."

"Na wamekifunga hivi?" Akatikisa kichwa. "Sanduku nalifunga kabisa kwa sababu linakaa ndani. La nje unaliacha lipumue."

Kazi yake inafanyika juu ya kipande cha reli. Amechora mstari kwa msumari, akaweka bati ukingoni mwa reli, na kwa nyundo ya mti akalishusha kidogo kidogo, akitembea kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi. Hapigi sehemu moja mpaka ilale. Kila mzunguko unashusha bati nyuzi chache tu, kwa urefu wote, kwa hiyo bati halipati nafasi ya kujikunja. Kwenye mviringo ukingo unakuwa na nyama nyingi kuliko nafasi. Hapo alipunguza upana wa pindo kwa mkasi, kisha akapiga mapigo mepesi ya haraka huku akisukuma chuma kijibane ndani yake chenyewe. Nilitegemea kuona mikunjo, sikuiona.

Kabla ya hatua ya mwisho nimemwomba asimamishe. Nimepaka praima ya epoksi ndani ya kunjo, tumengoja ishike, ndipo akalilaza pindo, na akaliacha wazi kwa upana wa blade ya msumeno. Mshono utakuwa juu, mbali na hapo, kwa hiyo joto la kuchomelea halitaifikia praima hiyo.

Machi mwanzoni, kuchomelea

Nimechagua gesi, oksijeni na asetilini, kwa ncha ndogo kabisa. Mashine ya fimbo ingetoboa bati jembamba hivi. Ile ya waya ni ya haraka na ningeweza kuiazima, lakini mshono wake ni mgumu, na mimi nataka mshono laini unaokubali nyundo. Kwa gesi unaweza kuupiga ukalala sawa na bati, ukapita mkono usijue ulipo.

Kingo zimekutana uso kwa uso. Sikupandisha bati moja juu ya jingine, kwa sababu kupandisha ni rahisi lakini kunatengeneza mfuko mwingine wa maji, na mimi natoka kuuondoa mmoja. Nimetumia tupa mpaka mwanga usipite kwenye kiungo. Kisha taki, nukta za kushikiza, kila baada ya sentimita mbili na nusu, nikirukaruka: moja mwanzoni, moja mwisho, moja katikati, naacha ipoe mpaka naweza kuweka kidole.

Mshono ukipoa unajivuta, na bati lote linaufuata. Ndipo sketi inapoanza kupata mawimbi. Dawa yake ni kuurefusha mshono tena: doli nyuma, kile chuma kizito cha mkononi, na nyundo mbele, pigo likianguka juu ya doli sawasawa. Kila pigo linautanua mshono kidogo na kurudisha nafasi iliyopotea. Nimechomelea kipande kifupi, nikapiga, nikahamia upande wa pili wa sketi. Ni kazi ya subira na ya masikio. Pigo linalogusa doli lina mlio mkali, linalokosea lina mlio mfu, na masikio yanakuambia kabla ya macho.

Sketi imesimama sawa juu ya meza ya chuma. Rula ya nusu mita inapita bila kuona mwanga, isipokuwa kona ya nyuma kushoto, ambapo puti nyembamba itamaliza.

Mbavu za mlango

Mlango wa mbele una mbavu tatu zilizovimba, zinazokatiza bati kulipa nguvu. Kiraka cha chini kilichukua mwisho wa mbavu zote tatu. Nimechonga ubao wa mvule wenye mifereji mitatu ya upana na kina kilekile, nikabana shiti juu yake, na kwa kipande cha mti mgumu chenye ncha ya mviringo nikaisukuma iingie mferejini, pigo kwa pigo, kutoka katikati kwenda nje. Mwisho wa ubavu ni nusu duara, na hapo chuma kinatanuka sana. Nimekipasha moto mpaka chekundu hafifu, nikakiacha kipoe chenyewe, kikalainika na kuendelea. Zimeoana na mbavu za zamani. Hizi ndizo ninazozionea fahari kuliko kitu kingine chochote kwenye pampu hii.

Masika

Mvua. Hakuna rangi itakayopigwa. Kanuni ninayoifuata ni kwamba bati liwe na joto angalau nyuzi tatu juu ya kiwango ambacho umande unatunga, na unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85. Asubuhi hizi hata kioo cha saa kinatoa jasho. Paneli zote ziko ndani ya praima ya epoksi, zimening'inizwa, na nimezungusha kidole kwenye kila pindo kuhakikisha hakuna sehemu iliyorukwa. Nimetumia muda huu kusafisha vitundu vinne na kuviongeza upana kidogo kwa drili, kisha nikapaka praima kwenye kuta zake kwa kijiti.

Juni, kusi imetulia

Hewa kavu imerudi. Puti nyembamba kona ya nyuma kushoto, msasa wa maji, praima tena, halafu kijani. Mchanganya rangi amekilinganisha na lile duara la mlango wa nyuma lililolowanishwa maji, kwa sababu rangi ya zamani ikiwa kavu inadanganya. Ni rangi ya kuchanganya na kigumishi. Moshi wake si wa kitambaa puani, nimevaa barakoa ya vichujio na nimefungua milango yote. Kabla ya kupuliza nimechomeka kijiti kwenye kila kitundu, na nimevitoa vijiti rangi ikiwa bado mbichi.

Ndani ya sketi na mapindo nimemalizia kwa nta ya nyuki kutoka Handeni, iliyoyeyushwa kwenye sufuria ya maji ya moto, ikatolewa mbali na moto, ndipo ikachanganywa na mafuta ya taa kidogo ili itambae. Inaingia mahali ambapo rangi haifiki na haigandi ikapasuka. Watu wengi wanamwaga oili chafu ya injini. Sifanyi hivyo. Inadondoka, inaokota vumbi, na siku ya kupaka tena hakuna rangi itakayoshika.

Nimeimwagia ndoo ya maji kupitia mlangoni, ikiwa imeshaunganishwa. Yametoka kwenye vitundu vyote vinne, na tochi haikuonyesha dimbwi popote.

Mlango wa nyuma haujapakwa, ndio uliobaki. Lile duara la rangi tano nitalizungushia utepe na kulipaka vanishi safi, lisifunikwe na kijani, liwe upande wa ndani mtu anapofungua. Jumatatu naanza kukata mipira ya kuziba mwanya wa milango, na baada ya hapo ni zamu ya mita.